Mwonja Tembo wa Wawi

Nilikuwa na ulimi. Nasema nilikuwa, kwa sababu siku hizi nala mchuzi wa pweza na sijui kama umetiwa chumvi mpaka niulizwe. Lakini miaka ile ya foleni za mchele, miaka ambayo mche mmoja wa sabuni ulikatwa mapande ukagawiwa nyumba nne, mimi nilikuwa na ulimi unaotajwa kutoka Wawi mpaka Chake. Kwa watu wote nilikuwa fundi seremala. Saa nne za asubuhi nilikuwa mwonja tembo, ile pombe ya mnazi. Sioni haya kulisema. Haya ninayoiona ni ya jambo jengine, na nitalifikia.

Nyuma ya migomba, kwenye mteremko wa kwendea mabonde ya mpunga, palikuwa na banda la makuti lisilo na jina. Watu walisema tu "kwa Bibi." Bibi mwenyewe alikuwa mjane, mkavu wa maneno, na hakuwahi kulitia tembo mdomoni mwake hata tone. Sisi wanywaji tulikuwa Waislamu sote, nisijitie mbali. Wapo waliotoka pale wakaenda kutawadha, wapo waliotoka wakaenda kulala. Mke wangu alijua nilikokuwa nikienda. Hakunigombeza hata siku moja. Akiniwekea ndoo ya maji mlangoni nisukutue, kisha anageuka anakwenda zake, na kule kugeuka kulikuwa kukiniudhi kuliko angenitukana.

Sasa, tembo la mnazi halikai. Likiteremshwa alfajiri ni tamu, angeweza kulinywa hata mtoto. Saa nne linachemka lenyewe, linatoa povu. Jioni lina ukali wa kumwangusha mtu na nguvu zake. Kesho yake ni siki. Kwa hivyo mgema aliyebakiwa na tembo la jana alikuwa na njia mbili: alimwage, au alichanganye na la leo akauze. Kuchanganya ndiyo ilikuwa dhambi kubwa kwa Bibi. Ulevi tulisameheana, matusi tulisameheana, hata ngumi. Kuchanganya hapana.

Ndiyo maana akawekwa mwonja. Wagema walikuwa watatu, na hakuna aliyetiliwa hata kikombe kabla vibuyu vyote vitatu havijaonjwa. Mwonja alikaa kwenye kigoda, uso kaelekeza ukutani, asione. Alitafuna kipande cha muhogo wa kuchoma, akasukutua maji, kisha Bibi akampa kata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kazi yake ni kusema tembo hili la mnazi wa nani, na ni la leo au la jana. Akisema la leo, watu wanakunywa. Akisema la jana, Bibi alikichukua kibuyu kile akakipindua kwenye shina la mgomba mbele ya macho ya wote, na mgema haonekani pale siku saba. Hakuna kubishana. Na jina ndio limeshatoka hilo, jina la mchanganyaji. Siku saba zitakwisha na jina litabaki.

Lakini mwonja naye alikuwa na mlango wake. Akiumwa na jino, au ana mafua, au hakulala vyema, alisema maneno mawili tu: "Ulimi umelala." Akahamia mkekani na wenziwe, Bibi akamwita mwengine. Haikuwa aibu. Mzee aliyekikalia kigoda kabla yangu alikuwa akiyasema kila baada ya siku mbili tatu, mpaka tukimcheka. Mimi miaka sita sikuyasema hata mara moja. Wallahi, niliona fahari kwa hilo kuliko milango yote niliyoichonga.

Na nilikuwa nikijua kweli, msidhani najisifu bure. Minazi ya bondeni ilitoa tembo jepesi, linapita. Ya kwenye udongo mwekundu tembo lake linanata kwenye meno. Na ile ya rafiki yangu, iliyokuwa upande wa mikoko, ilikuwa na chumvi, chumvi ya mbali mno, ambayo huipati mpaka umeshameza na umeshaanza kuzungumza jambo jengine.

Huyu rafiki yangu ndiye ninayemwandika. Babu yake aliletwa kutoka bara kufanya kazi mashambani, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akazungumza Kipemba kuliko mimi. Alikuwa mgema wa tangu ujana. Watu wengi wa kazi hiyo walikuwa wachafu, nisiseme uongo, lakini yeye alikuwa na wasiwasi wa usafi. Kila alfajiri alivisuza vibuyu vyake kwa mchanga na maji ya moto, akavinusa kimoja kimoja kama mama anayemnusa mtoto. Ukimwambia tembo lako zuri, hakuchekelea. Ukimwambia kibuyu chako kisafi, meno yote nje.

"Fundi," akiniambia, "huo ulimi wako siku ukifa tuukate. Tukautie kwenye randa, utapiga mbao wenyewe."

"Na wewe tukikuzika tukufunike na kibuyu."

"Kisafi lakini!"

Tulikuwa tukicheka ovyo namna hiyo. Tulitahiriwa jando moja. Nilipooa, yeye ndiye aliyenibebea kitanda kichwani kutoka karakana mpaka nyumbani, mimi nikitembea nyuma na mito miwili kama mwanamwari.

Basi nikapata homa. Homa ya kawaida, ile ya kutetemeka jua likiwa utosini. Nikapewa vidonge vya klorokwini. Waliowahi kuvimeza wanajua: mwili mzima unawasha, unajikuna mpaka damu, na kinywa kinakuwa kichungu usiku na mchana. Hata mate yako mwenyewe unayatema. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, uchungu ulikuwa upo pale pale.

Siku hiyo hiyo Bibi akaniletea salamu kuwa pana mgeni, karani kutoka Chake, amekuja kwa ajili ya kuuona ulimi wangu. Na jengine: wiki mbili nyuma watu wawili walikuwa wameumwa na tumbo baada ya kunywa, na yakaanza maneno kwamba mmoja wa wagema anachanganya. Nani? Watu wote walikuwa wakingoja mimi niseme.

Mke wangu akaniuliza, "Wendapi na wewe hata uji hujaushika?"

"Natoka kidogo."

Akanitazama ninavyojikuna shingo. "Haya," akasema, akageuka.

Nikenda. Mtu mzima, na akili zangu, nikenda.

Nilikaa kwenye kigoda nikawasikia wagema wakiingia mmoja mmoja na kutoa salamu. Kwanza wa bondeni. Kisha wa udongo mwekundu. Mwisho rafiki yangu, na nilimsikia akiuliza, "Fundi kapona?" Nikatafuna muhogo, mchungu. Nikasukutua, maji machungu. Bibi akanipa kata ya kwanza.

Chungu. Ya pili, chungu. Nikailaza ya tatu ulimini, nikaingojea ile chumvi ya mbali, nikaingojea, nikaingojea. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kulamba kidonge. Nyuma yangu nilimsikia karani akivuta pumzi kwa pua.

Maneno mawili. Ulimi umelala. Hayakunitoka.

Nikasema, "La kwanza la bondeni, la leo." Watu wakaguna kwa kuridhika. "La pili la udongo mwekundu, la leo." Nilijua ni ya nani kwa sababu nilisikia sauti zilivyoingia, na Bibi alikuwa akichota kwa zamu ile ile ya kuingia. Hicho hakikuwa kipaji, ilikuwa wizi. Ikabaki ya tatu. Ningesema la leo, tukanywa, tukaenda makwetu. Lakini mwonja anayevipitisha vyote vitatu ameonyesha nini? Hata yule karani angeweza. Na watu walikuwa wakimtaka mchanganyaji wao. Nikajiambia, huyu ni mwenzangu, ataielewa; atapumzika siku saba, kisha nitamwambia kisa chote tutacheka. Mnaona upumbavu? Nilimchagua yeye kwa sababu nilimpenda.

"La tatu la mikokoni," nikasema. "Na ni la jana."

Banda likavuma. Karani akapiga paja lake akasema, "Alaa! Kumbe kweli!" Nikageuka. Bibi alikuwa ameshakibeba kibuyu, anakipindua kwenye mgomba, na tembo likatoka na povu jeupe, jingi, linachemka. Mtu yeyote mwenye macho angeona lile ni tembo la asubuhi. Lakini walikuwa na ulimi wangu, macho ya nini?

Rafiki yangu hakupiga kelele. Alinitazama mimi, hakuwatazama wengine. "Fundi, hili nimeligema leo, yakhe. Na umande."

"Mimi nimesema nilichokionja."

"Basi twendeni mkaone. Pana jengine limeshajikusanya huko juu tangu alfajiri. Nitaliteremsha mbele yenu, ulionje hapo hapo chini ya mnazi."

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, fupi lakini ya nguvu, baada ya yeye kuteremka. Mgema hapandi mnazi uliorowa. Hilo halifundishwi, kila mmoja analijua. Bibi akamwambia, "Subiri jua likaushe."

"Nikisubiri jua mtasema nimelichanganyia huko huko juu."

Na ni kweli, tungesema. Tukamfuata, watu saba au wanane, mimi wa mwisho. Nilikuwa na nafasi ya kumshika kanzu kutoka banda mpaka mikokoni, mwendo wa kumaliza sigara. Nilijikuna tu. Akaikunja kanzu yake akaiweka juu ya nyasi, akajifunga kibuyu kiunoni, akachomeka kotama, kile kisu chao cha kupinda, akaanza kupanda. Alipanda vizuri. Alifika juu, nikaona mkono wake umeshalishika kuti, nikashusha pumzi. Kisha mguu mmoja ukatoka kwenye ngazi, yale makato yaliyochongwa kwenye shina.

Alianguka kimya. Tulimbeba juu ya mlango wa banda la Bibi mpaka barabarani, na alikuwa akiuliza kama kibuyu kimevunjika.

Hakufa. Alikaa hospitali wiki tatu, akarudishwa nyumbani na miguu isiyosikia kitu. Ukimfinya gotini hajui. Mgongo ukaanza kuota vidonda. Nilimtengenezea kitanda kifupi cha kumrahisishia mke wake kumgeuza, na watu wakasema tazameni, huyo ndiye rafiki. Kigoda nikakiacha, nikasema moyo wangu hautaki tena. Watu wakanisifu na kwa hilo.

Yeye je, walimsemaje? Walisema alikuwa akichanganya, na siku aliyoumbuliwa akataka kumfanya Mungu shahidi wa uongo, na Mungu akamwonyesha. Nililisikia dukani, nikalisikia kisimani, nikalisikia msikitini nikiwa safu ya pili. Nikanyamaza. Ndugu yake aliichukua minazi ile akaigema yeye, akapeleka tembo kwa Bibi, na Bibi akamwambia bila ya ubaya, "Siwezi kulipokea, mwanangu. Watu hawatalinywa." Nyumba mbili zilikuwa zikila kwenye minazi ile. Mke wake akaanza kwenda kuponda kokoto, anarudi jioni na vidole vimevimba, kisha ndio anampa mumewe maji ya kukoga.

Mimi nilikwenda kila siku baada ya alasiri. Kila siku nilikwenda kumwambia. Siku ya kwanza mke wake alikuwa chumbani. Siku nyengine mwenyewe mgonjwa alikuwa na homa ya vidonda, anaweweseka. Siku nyengine alikuwa amefurahi, ananitania, nikaona nisimharibie. Miezi minne niliyatunga maneno yale karakanani, nikiiambia mbao iliyo mbele yangu, "Ulimi wangu siku ile ulikuwa umelala, na nilijua." Mbao nimeiambia mara mia. Nilikuwa mwoga. Sina neno jengine la kulitia hapo.

Mwisho nikamwambia mke wangu. Hata sijui ilikuwaje. Alikuwa akichambua mchele, nikaanza, nikamaliza. Hakulia, hakunitukana. Ungo ukabaki mapajani mwake.

"Anajua?"

"Hajui."

"Inuka," akasema. "Nenda ukamwambie sasa hivi. Na dukani, na kisimani, na msikitini, kote alikoambiwa mchanganyaji, ukaseme. Lakini yeye kwanza. Usije kuswali humu ndani na jambo hilo."

Nikainuka. Nilikwenda mbio, nakumbuka nilivaa viatu vya mtu. Nilimkuta amekonda kuliko jana yake, macho makubwa. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda changu mwenyewe nilichokichonga, nikafungua mdomo, na yeye akaniinulia mkono.

"Nisubiri. Nna neno, na nikinyamaza leo huenda nisilipate tena." Akamwambia mke wake atoke. Akangoja mpaka pazia lilipotulia.

"Fundi, nimelala hapa sina kazi ila kufikiri. Nimekuonea wewe. Miezi yote hii nilikuwa nakuwekea moyoni. Nilijisemea, fundi kanizulia, fundi kaniua. Ukija hapa nacheka na wewe, ukiondoka nakuapiza. Ndio nakwambia."

"Ndugu yangu, sikiliza..."

"Wacha nimalize. Nimeikumbuka asubuhi ile yote, tangu nilipoamka. Maji ya moto hayakuwepo, kuni zilirowa. Kile kibuyu nilikisuza kwa maji baridi. Nikakinusa, nikaona kizuri. Lakini nani ajuaye? Pengine masimbi ya jana, yale mashapo ya tembo, yalibaki chini, kidogo tu. Mimi sikuyanusa, wewe umeyaonja. Ulimi wako haukosei, fundi, sote twajua. Basi nimekaa na chuki na mtu aliyesema kweli." Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa bado vigumu, vya mpanda minazi. "Naogopa kwenda nayo hiyo. Nisamehe."

Pale ndipo nilipokuwa na kila kitu. Pazia limeshuka, hakuna karani, hakuna wa kunicheka. Ningesema neno moja tu. Angenichukia, na haki yake. Angekufa ananichukia lakini angekufa anajua kwamba kibuyu chake kilikuwa kisafi. Nikauona uso wake unavyongoja, nikaona jinsi nitakavyokuwa machoni pake baada ya neno hilo. Nikaogopa.

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo mmoja."

Akafumba macho, akatabasamu, na shingo yake ikalegea kwenye mto. Nilimwonea wivu kwa utulivu ule. Nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Alhamdulillahi," akasema, na siku hiyo hakugeuka. Alinitilia chakula akakaa na mimi mpaka nikamaliza.

Siku tano baadaye rafiki yangu akafa. Tulimzika kabla ya adhuhuri. Kaburini watu walinijia mmoja mmoja kunishika mkono, na mwanzo nilidhani ni pole, kama wapewavyo watu wote. Kisha mzee mmoja akaniambia sikioni, "Umefanya jambo kubwa, fundi. Alikukosea, akakuhasimu, na ukamsamehe. Mkewe ametusimulia." Nikajua. Marehemu alimwambia mke wake, mke wake akawaambia watu kwa furaha, kwa kunitukuza mimi. Hata wale wachache waliokuwa wakimtetea, kina ndugu yake, waliinamisha vichwa. Mtu mwenyewe kakiri na kaomba radhi, watetee nini tena?

Siku ya khitma niliitwa kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mjane wa marehemu, kizuka aliyekaa eda, alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenziwe, anataka kunishukuru.

"Fundi," akasema, sauti imekauka kwa kulia. "Mume wangu alilala usingizi siku ile, usingizi ambao hakuupata tangu aanguke. Kaenda mwepesi kwa sababu yako. Ulimsamehe kosa lake, na wewe hukumkosea chochote. Mungu akulipe."

Pazia likasogea. Mke wangu alikuwa amekaa ubavuni pake, amemshika bega, na alikuwa ameinua uso kunitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu fulani. Wanawake wote walikuwa wakingoja niitikie dua.

Nikaitikia. Nikasema, "Amin."